Mahame Si Kaburi

Mwaka 1994 nilinunua kitabu kikuukuu kando ya barabara jijini Dar es Salaam, kwa bei ya sahani moja ya wali. Jalada lilikuwa limechanika, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na alama ya duara ya kikombe cha chai. Kiliitwa The Life and Death of St Kilda, yaani Maisha na Kifo cha St Kilda. Mwandishi wake ni Tom Steel, na kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1965. Jina la St Kilda sikuwahi kulisikia. Nilikisoma kwa siku mbili, na kwa miaka mingi baadaye niliwasimulia wanafunzi wangu habari zake, hasa siku za mvua darasani ambapo hakuna somo linaloingia. Leo nataka kueleza kwa nini kitabu hicho nilichokipenda sikiamini tena kwa namna ileile, na jinsi nilivyogundua kwamba kosa ninalokilaumu nalo nililifanya mimi mwenyewe.

Kwa msomaji asiyekijua kisiwa hicho, nitaeleza kwa kifupi. St Kilda ni kundi la visiwa vidogo katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya Uskoti, kiasi cha kilomita 64 kutoka visiwa vya jirani vyenye watu. Kisiwa kikubwa chaitwa Hirta, na hicho nacho si kikubwa: mtu mwenye miguu mizima hukizunguka kwa siku moja. Hakina miti. Kina majabali yanayoshuka wima hadi baharini, na kilele chake, Conachair, kina urefu wa mita 430. Watu wake walizungumza Kigaeli. Walifuga kondoo, walilima vishamba vidogo, na zaidi ya yote waliwinda ndege wa baharini: ganeti, fulma na pafini. Walishuka majabalini kwa kamba, wakala nyama na mayai ya ndege hao, wakawasha taa kwa mafuta yao, na manyoya yao wakamlipa kodi mwenye kisiwa, kiongozi wa ukoo wa MacLeod. Chakula walikihifadhi katika vibanda vya mawe visivyo na chokaa, ambavyo upepo hupita katikati yake na kukausha kilichomo. Kisiwani Hirta peke yake kuna vibanda vya namna hiyo zaidi ya 1,200, na hadi leo vimesimama.

Tarehe 29 Agosti 1930 watu 36 waliokuwa wamebaki walipanda manowari ndogo ya Kiingereza iitwayo Harebell wakaondoka. Inasimuliwa kwamba katika kila nyumba waliacha Biblia iliyofunuliwa na kirundo kidogo cha nafaka. Mbwa wao waliwazamisha ghubani kwa kuwafunga mawe shingoni. Tangu siku hiyo hakuna aliyeifanya Hirta kuwa kwao.

Hayo ndiyo masimulizi, na ni kweli yanamgusa mtu. Sina ugomvi na Steel kwa kuyaandika. Kitabu chake kimechapishwa tena mara kadhaa, na pengine bila yeye mtu kama mimi nisingejua kwamba watu wale waliwahi kuishi. Ugomvi wangu unaanzia kwenye neno moja lililo katika jina la kitabu: kifo.

Sisi Waswahili tunalo neno la mahali palipoachwa na watu wake. Tunasema mahame. Neno hilo limetoka katika kuhama, na anayehama ni mtu aliye hai, mwenye miguu, mwenye mzigo kichwani na sababu moyoni. Ukipita penye mahame, neno lenyewe linakulazimisha uulize: walikwenda wapi? Lakini ukiambiwa kwamba mahali pamekufa, huulizi swali hilo. Maiti haina pa kwenda isipokuwa kaburini. Kwa hiyo mwandishi anapochagua neno kifo, hachagui tu neno la kusikitisha. Amekwisha kutuondolea swali lililo muhimu kuliko yote, na amekwisha kutuamulia jinsi ya kusoma kila ukurasa utakaofuata.

Hebu tutazame neno hilo linavyofanya kazi. Mtu akijua kwamba mgonjwa atakufa, basi kikohozi chake cha utotoni nacho huonekana kuwa dalili. Ndivyo ilivyo kwa karibu vitabu vyote vya St Kilda vilivyoandikwa baada ya 1930. Ndui iliyoingia mwaka 1727 ikaua watu wengi sana ni dalili. Mwaka 1852 watu 36 waliposafiri kwenda Australia kwa meli ya Priscilla, na wengi wao wakafa njiani, hiyo nayo ni dalili. Kuja kwa watalii kwa meli za moshi katika karne ya 19, wakinunua vitambaa vya sufu na mayai ya ndege, ni dalili kubwa zaidi. Kila tukio linapangwa katika mstari mmoja kuelekea ghubani, kwenye meli ya Harebell. Lakini maisha hayaishiwi hivyo. Mtu wa Hirta wa mwaka 1800 hakuamka asubuhi akijua kwamba yumo katika sura ya tano ya msiba.

Chukua ndui ile ya 1727. Masimulizi yanasema wanaume watatu na wavulana wanane walikuwa wamepelekwa kwenye mwamba uitwao Stac an Armin kukusanya ndege. Ugonjwa ulipoingia kijijini hawakubaki wanaume wa kutosha kupiga makasia na kuwafuata, wakakaa juu ya jiwe lile tangu Agosti hadi Mei ya mwaka uliofuata, wakila ndege, na wakapona wote. Vitabu hupenda kukaa sana kwenye upweke wa mwamba ule. Jambo lililofuata hupitwa haraka: mwenye kisiwa alileta watu wapya kutoka visiwa vingine, na kijiji kikasimama tena. Yaani sehemu kubwa ya wale ambao wageni wa baadaye waliwaita watu wa kale, waliojitenga na dunia tangu zamani, walikuwa wajukuu wa wahamiaji. Hirta ilikwisha kuwa karibu na mahame mara moja, ikajazwa tena. Kisiwa hicho kilijua kuhamwa na kuhamiwa.

Mwanaakiolojia Andrew Fleming ameliandika jambo hili vizuri katika kitabu chake cha mwaka 2005, St Kilda and the Wider World, yaani St Kilda na Ulimwengu Mpana. Anapinga ile picha ya kisiwa kilichokatika na dunia. Kila mwaka wakala wa mwenye kisiwa alifika na watu wake. Manyoya na mafuta yalikwenda nje na bidhaa ziliingia. Watu walioa na kuolewa, walisafiri na kurudi. Nilipokisoma kitabu hicho nilikuwa nimestaafu, na nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Hata hivyo niseme ukweli kwamba hakiwezi kumliza mtu kama kile cha Steel. Hoja ya Fleming ina nguvu, lakini msiba una nguvu zaidi, na ndiyo maana wauza vitabu huweka msiba mbele.

Upweke wenyewe ulikuwepo, wala sitaki kuukana. Mwaka 1877 mwandishi wa magazeti John Sands alikwama kisiwani pamoja na mabaharia wa meli ya Austria iliyovunjika, na chakula kikawa kidogo. Alifunga ujumbe kwenye boya la kuokolea la meli hiyo akalitupa baharini. Siku tisa baadaye likaokotwa katika visiwa vya Orkney, na meli ikatumwa kuwachukua. Baada ya hapo watu wa Hirta walishika desturi ya kutuma barua ndani ya kijiti kilichochongwa kama mtumbwi na kufungiwa kibofu cha kondoo kiwe boya. Wengi hulisimulia jambo hili kama kichekesho cha washamba. Mimi naliona vingine. Mtu anayetupa barua baharini ni mtu anayeamini kwamba ng’ambo yuko wa kuisoma, na ambaye amekwisha kujifunza mikondo ya maji inakwenda wapi. Huyo hajakata tamaa na dunia.

Lipo kosa la pili, nalo latokana na lugha. Wengi walioandika juu ya Hirta hawakujua Kigaeli. Walifika kiangazi, wakakaa siku chache, wakaandika walichokiona kwa macho, kwa sababu masikio yao hayakuwasaidia. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili wanaume wa kijiji walikutana njiani mbele ya nyumba kuamua kazi ya siku: kwenda majabalini, kutengeneza mashua, au kukaa kwa sababu hali ya hewa ni mbaya. Wageni wakakiita kikao hicho Bunge, na ipo picha mashuhuri ya mwaka 1886 hivi inayowaonyesha wanaume hao wakiwa wamesimama na kuketi kwa safu mbili, wenye ndevu, wakimtazama mpiga picha. Wengine wakakisifia kuwa demokrasia safi, wengine wakakilaumu kuwa ni uvivu wa kupiga soga hadi jua linapanda. Kati ya wanaosifu na wanaolaumu, wangapi waliweza kufahamu kilichokuwa kinasemwa? Mtu akitutazama sisi tumeketi barazani bila kujua Kiswahili, naye angeweza kuandika kwamba tunapoteza wakati, kumbe pale pale tunapatanisha ndugu waliogombana.

Si ajabu, basi, kwamba maelezo yenye joto la utu kuliko yote ni ya zamani zaidi. Martin Martin alifika Hirta mwaka 1697 na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Yeye alikuwa mtu wa kisiwa cha Skye, mzungumzaji wa Kigaeli. Alikuta watu wapatao 180, na anawaeleza kama majirani wenye akili, wenye michezo na nyimbo, wenye ubishi juu ya haki zao. Anayo makosa yake, na furaha yao pengine ameitia chumvi. Lakini kwake mtu wa Hirta hageuki kuwa ndege wa ajabu wa kutazamwa. Anasemeshwa, naye anajibu.

Kosa la tatu ni kutafuta mwenye hatia. Msiba ukishapangwa, lazima apatikane muuaji, na kwa waandishi wengi muuaji huwa ni kanisa. Ni kweli kwamba mchungaji John Mackay, aliyekaa kisiwani tangu 1865 hadi 1889, aliwabana watu kwa ibada ndefu na Jumapili ngumu. Lakini historia haikubali kufungwa katika kifurushi kimoja. Kwa miaka mingi watoto wachanga wa Hirta walikufa kwa pepopunda ndani ya siku chache baada ya kuzaliwa, na akina mama walifika mahali pa kuogopa kutayarisha nguo za mtoto kabla hajaonyesha kuwa ataishi. Nani alisaidia kuukomesha ugonjwa huo? Mchungaji aliyemfuata Mackay, Angus Fiddes, ambaye alijifunza usafi wa uzazi kwa madaktari wa bara na kupigania utumike kisiwani. Kabla karne ya 19 haijaisha, vifo vile vilikoma. Kanisa lile lile, joho lile lile, mtu mwingine. Mwandishi anayetaka mhalifu mmoja hana pa kumweka Fiddes.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Katika masimulizi ya mwisho wa kisiwa yupo mwanamke mmoja ambaye hakosekani. Anaitwa Mary Gillies. Mapema mwaka 1930 aliugua, akapelekwa Glasgow, akafia huko kabla wenzake hawajahama. Kwa miaka sitini ilisemwa na kuandikwa kwamba alikufa kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Habari hiyo ilikuwa inafaa sana. Kidole tumbo ni ugonjwa ambao kwa daktari wa mjini ni kazi ya saa moja. Kwa hiyo kifo chake kilithibitisha kwamba mahali pasipo daktari hapakaliki. Nami niliwasimulia wanafunzi hivyo hivyo. Nilikuwa nikifika hapo nashusha sauti, na darasa zima linanyamaza. Nilijua kwamba watanyamaza, na nilipenda kimya kile.

Kumbe haikuwa hivyo. Mwaka 1991 mwanawe, Norman John Gillies, aliyekuwa mtoto wa miaka mitano siku ya kuhama, alipata cheti cha kifo cha mama yake. Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na hakupona. Mtoto naye hakuishi. Mzee yule, akiwa na umri wa miaka zaidi ya sitini, ndipo alipojua kwamba aliwahi kuwa na dada.

Angalia tarehe, msomaji. Nilikinunua kitabu mwaka 1994. Ukweli ulikuwa umekwisha kujulikana miaka mitatu kabla, na mimi niliendelea kuusimulia uongo kwa miaka mingi zaidi, kwa sababu sikuona haja ya kuuliza. Msiba ulikuwa umekamilika. Nani huongeza swali kwenye msiba uliokamilika?

Niliposoma habari ya cheti kile niliketi muda mrefu. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka minne, na nilikua nikiambiwa kwamba ni homa. Nilikwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto wangu ndipo shangazi yangu, katika ugonjwa wake wa mwisho, aliponiita na kuniambia, “Mwanangu, usiende kaburini kwangu na jambo hili sijakwambia. Mama yako alikufa uzazini.” Baba hakuwa mwongo. Aliona kwamba neno homa linatosha kwa mtoto, kisha likazoeleka, kisha likawa ndiyo historia ya nyumba yetu. Sikumkasirikia. Lakini nilijua siku ile kwamba kuna mtu mmoja zaidi ambaye ningepaswa kumwombea kwa miaka yote hiyo, na sikumwombea.

Kwa hiyo ninapokihukumu kitabu, au masimulizi yoyote ya watu waliokwisha ondoka, nina kipimo kimoja ambacho sikukipata chuoni. Nauliza: je, mtoto wa watu hawa akisoma, atamkuta mama yake humu, au atakuta mfano tu? Mary Gillies wa vitabu alikuwa mfano wa umbali. Mary Gillies wa cheti ni mwanamke aliyebeba mimba wakati wa baridi, akasafirishwa baharini, akamwacha mtoto wa kiume nyumbani. Wa pili huyu hathibitishi hoja ya mtu yeyote. Hata hospitalini, mjini, alikufa.

Nitakumbushwa kwamba hata sisi tunayo desturi ya kuhubiri kwa magofu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyafanya majumba ya Pate yaliyobomoka kuwa mawaidha juu ya dunia inayopita. Nakubali. Lakini yeye aliusemesha moyo wake mwenyewe, na waliokaa katika majumba yale walikuwa watu wake. Mawaidha yake yalimwanzia yeye. Ni jambo jingine kabisa mtu kusimama kwenye gofu la wengine, akasikitika kwa niaba yao, kisha akarudi kwenye meli.

Mfano wa hilo ni filamu ya Michael Powell ya mwaka 1937, The Edge of the World, yaani Ukingo wa Dunia. Powell alivutiwa na habari za Hirta, lakini mmiliki mpya wa kisiwa hakumruhusu kupiga picha huko, akaenda kisiwa kingine cha Uskoti, Foula. Wenyeji wa Foula walishiriki kuigiza watu wa kisiwa kinachokufa. Ni filamu nzuri, na majabali yake yanatisha. Ila jambo moja hunichekesha kila ninapolikumbuka: waigizaji wakubwa walirudi mjini, na watu wa Foula wakarudi kwenye kondoo wao. Foula hadi leo kina wakazi. Walilia katika filamu, kisha hawakuhama.

Na wale waliohama kweli? Hapa ndipo vitabu vingi huishiwa pumzi. Vinafika kwenye Biblia iliyofunuliwa na vinafunga mlango. Lakini watu wale hawakufukuzwa. Idadi yao ilikuwa imeshuka kutoka 73 mwaka 1920 hadi 37 mwaka 1928, na wanaume wanne walikuwa wamekufa kwa mafua makali mwaka 1926. Wakaketi, wakashauriana, na tarehe 10 Mei 1930 wakatia sahihi barua ya kuiomba serikali iwahamishe. Yaani kikao kile kile kilichochekwa na wageni kiliweza kuamua jambo gumu kuliko yote ambayo kijiji huweza kuamua. Wengi walipelekwa Morvern, katika bara la Uskoti, na wanaume wakapewa kazi katika idara ya misitu, wao waliotoka mahali pasipo na mti hata mmoja. Hiyo ni kejeli ya serikali, na ilistahili kuandikiwa sura nzima. Walipanda miti, wakazika wazee wao, wakaoza binti zao. Norman John Gillies aliishi hadi mwaka 2013. Wa mwisho kati ya wale 36, Rachel Johnson, alifariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 93. Basi kifo kile kilichotangazwa kwenye jalada la kitabu mwaka 1965 kilikuwa na miaka 51 mbele yake.

Kisiwa chenyewe leo ni hifadhi ya National Trust for Scotland tangu 1957, na kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1986. Kipo kituo cha rada cha jeshi, na wapo watafiti wanaohesabu kondoo. Wageni hufika kwa mashua kiangazi, hupiga picha za nyumba zisizo na paa, na nina hakika baadhi yao hushusha sauti kama nilivyokuwa nikishusha mimi.

Kitabu cha Steel bado ninacho. Sitakitupa, wala sitamshauri mtu asikisome. Ila mwaka juzi mjukuu wangu alipokichukua rafuni na kuniuliza kinahusu nini, sikumwambia kwamba kinahusu kisiwa kilichokufa. Nilimwambia kwamba kinahusu watu waliohama. Akaniuliza pale pale, kama nilivyotumaini, “Babu, walikwenda wapi?” Nikamwambia aketi.